Mjerumani Aliyebariki Mkate

Kila Alhamisi jioni watu wa jengo lile la mtaa wa Brzeska, mjini Warsaw, walipanda ngazi wamebeba viti. Kila mtu na chake. Ilikuwa sheria ya Bi Gienia wa ghorofa ya pili, mwenye televisheni. "Picha nitawapa," alisema siku ile mumewe alipoileta, "lakini makalio kila mtu aje na pa kuyaweka." Basi ikikaribia saa mbili, ngazi nzima ililia kwa miguu ya viti ikigonga kuta, na mpita njia asiyejua angedhani jengo linahama.

Apolonia alipanda wa mwisho. Alibeba kigoda chake cha kazi, kile kile alichokalia mchana kutwa kule chini, kwenye kidirisha kilichotazama njia ya kuingilia uani, akirudisha nyuzi zilizofumuka za soksi ndefu za nailoni. Kazi yenyewe ilitaka taa, macho mazima, na sindano yenye kikulabu kidogo kama ukucha wa mtoto wa paka. Wanawake wa Praga, sehemu ya mji iliyo upande huu wa mto, walimletea soksi zilizoharibika kwenye tramu, kwenye dansi, kwenye ugomvi, wakaegemea dirisha na kumsimulia ilikuwaje na nani alisema nini. Yeye aliitikia kwa kichwa, maana mdomoni alikuwa na uzi. Wengi waliamini kwamba uzi ndio uliomfanya mkimya. Lakini jioni uzi ulipotoka, maneno hayakuja.

Kigoda alikiweka karibu na mlango, nyuma ya wote, pale anapokaa mtu asiyependa kusumbua wenzake akitaka kuondoka, ingawa hakuwahi hata siku moja kuondoka kabla ya mwisho. Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuwa na watu. Siku nyingine alikula amesimama kando ya jiko, kwa sababu kumwandalia mtu mmoja meza kulionekana kwake kama kuigiza.

Hakuwa mjane. Hilo alimweleza kila mtu mara moja tu, kwa sauti ndogo isiyotaka majibu, na hakuna aliyerudia kosa. Mumewe aliitwa Hieronim; yeye alimwita Hirek. Alikuja Warsaw wakati wa vita kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya mto Bug, mshona viatu, mpole, mwenye lafudhi ya kuimbaimba ya watu wa mashariki. Waliishi pamoja mwaka mmoja na nusu. Kisha asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa Maasi, mji ulipowainukia Wajerumani, alivuka daraja kwenda upande wa pili wa mji kumwona mtu aliyeahidi kumpa ngozi ya soli. Alasiri risasi zikaanza, na tangu saa ile mto ukawa ukuta. Madaraja yalilipuliwa. Apolonia alibaki upande huu, na kwa majira yote ya mwisho wa kiangazi aliutazama moshi wa upande ule.

Baada ya vita aliuliza kila palipoulizika. Mtu mmoja aliyerudi kutoka kambini Ujerumani alisema alimwona, au alimwona anayefanana naye. Mwingine akasema yuko mji wa Szczecin, amefuga ndevu. Mwingine alitaja Ajentina. Kwa hiyo Apolonia alimfanya mumewe kuwa mtu wa safari. Akiwa ameinamia soksi alimwona akitembea kando ya reli, akilala kwenye mabanda ya nyasi, akishuka melini, akikosea njia. Miaka karibu kumi na minane alimtembeza hivyo. Picha ya arusi iliungua pamoja na studio ya mpiga picha, na uso wa Hieronim ulikuwa umeanza kumponyoka. Alikumbuka kwamba alikuwa na nyusi, lakini nyusi za namna gani? Mikono tu ndiyo aliyokuwa nayo bado, mizima, kama vile ilikuwa imewekwa mezani mbele yake.

Alhamisi hii ya Juni hapakuwa na kiti kilichobaki nyumbani kwa mtu yeyote. Wiki iliyopita mchezo wa televisheni ulimwacha Kapteni Sobol pabaya. Sobol ni Mpolandi aliyevaa sare ya Kijerumani, anakula na maafisa wao, anacheka vichekesho vyao, na usiku anapeleka habari kwa wenzake msituni. Hakuna mwanamke pale Brzeska ambaye hakuwa tayari kumfulia mashati. Sasa Wajerumani walikuwa wamemkamata mtu aitwaye Wrona, aliyesoma na Sobol dawati moja, na Wrona, kwa kuogopa kufa, alikubali kuletwa kwenye ukumbi wa chakula awatazame maafisa usoni, mmoja baada ya mwingine. Sobol hakujua. Jengo zima lilijua, Sobol hakujua.

"Atatoka kupitia jikoni," alisema Bwana Rysiek, fundi bomba wa ghorofa ya chini. "Nawaambia. Mimi ningepitia jikoni."

"Wewe ungepitia jikoni hata kama hakuna anayekufukuza," alisema Bi Gienia. "Nyamaza, wameanza."

Taa ikazimwa. Pazia likavutwa, maana nje jua la Juni lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Kwenye kioo ukatokea ukumbi: meza ndefu, picha ya kiongozi wao ukutani, chupa. Sobol alikuwa ameketi mbele, glavu zake mezani, akimsikiliza meja mmoja mnene aliyekuwa akizungumza juu ya mbwa. Nyuma yao, mbali kidogo, palikuwa na meza nyingine ya askari wa kawaida wanne, wanakula, migongo na mikono tu.

"Na haya yote wanayaigiza sasa hivi," alinong'ona Rysiek, ambaye kila wiki alilisema hilo. "Pale ng'ambo ya mto. Akipiga chafya kule, wewe unamwambia afya hapa."

"Rysiek!"

Meja alisema kwamba leo kuna mgeni. Sobol aliinua glasi. Mgeni gani? Ah, utamwona, alisema meja, mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Chumbani hakuna aliyepumua. Na hapo hapo, wakati macho ya wote yalikuwa kwenye uso wa Sobol, Apolonia, ambaye macho yake yalizoea kutafuta kitanzi kimoja kilichoanguka kati ya maelfu, aliona kule nyuma askari mmoja akivuta mkate mzima kuelekea kwake.

Aliupindua. Kwa ncha ya kisu akauchora msalaba upande wa chini. Kisha akaugonga kwa mpini, mara mbili, akauegemeza kifuani, akakata kwa kuuzungusha mkate badala ya kisu.

"Mmeona?" Rysiek alipiga paja. "Mmeona yule? Jamani, Mjerumani anabariki mkate!"

"Yuko wapi?"

"Kule nyuma! Amechora msalaba! Hitler angemwona angemla yeye badala ya mkate."

"Huyo askari wa Berlin wa kutoka Grójec, hapa hapa kwetu," alisema mume wa Bi Gienia, na kicheko kikaenea chumbani, kicheko cha watu waliokuwa wanahitaji kupumua. Nyumbani kila mmoja wao alizoea kuchora msalaba kwenye mkate. Mama zao walifanya hivyo, na mkono huenda wenyewe. Hicho ndicho walichokicheka, kwamba mkono wa yule maskini ulikwenda wenyewe mbele ya nchi nzima.

Apolonia hakucheka. Msalaba, ndiyo, kila mtu. Lakini kugonga mara mbili? Tangu azaliwe, hapa Praga, alimwona mtu mmoja tu akigonga mkate kabla ya kuukata. Jioni ya kwanza kabisa, alipomuuliza kwa nini, Hieronim aliona haya. "Naamsha," alisema. "Usikatwe umelala."

Akasimama. Kigoda kikaanguka.

"Polcia!" Bi Gienia alimgeukia. "Sasa hivi? Wanamleta msaliti, nawe unaondoka?"

"Nimeacha gesi," alisema Apolonia.

"Mungu wangu, basi kimbia, utatulipua sote kabla hatujajua mwisho!"

Hakuingia hata chumbani kwake. Alitoka na viatu vya ndani, viatu vya kitambaa, akafika barabarani kabla hajajua kwamba ameshuka ngazi.

Mtaa ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mlevi wala mwenye mbwa, na hapakuwa na wale wanawake wa sokoni ambao hata mvua ya mawe haikuwafukuza. Lakini madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kutoka kila dirisha ilitoka sauti moja ile ile, ya meja, aliyekuwa amezirudia habari za mbwa wake. Apolonia alitembea haraka, na mchezo ukatembea pamoja naye. Alipopita duka la mkate lililofungwa, meja alimwita mtumishi. Alipofika kona, mlango ulifunguliwa, hatua za buti zikasikika, halafu kimya. Kimya chenyewe kilitoka madirishani kote, na katika kimya kile alisikia viatu vyake vya kitambaa vikipiga mawe ya barabara. Alijua kwamba mji mzima uko pale nyuma ya kuta, umebanana, goti kwa goti. Hakuwahi kujisikia peke yake kiasi kile, na hakujali, kwa sababu mtu mwenye miadi hayuko peke yake.

Tramu ilikuja ikiwa na kondakta mwanamke na abiria hakuna.

"Haya, mama," alisema kondakta, akitazama viatu vyake. "Nyumba imeungua au mume amekufa? Saa hii hapandi mtu."

"Mume," alisema Apolonia.

"Oh. Pole. Pole sana, mama."

"Hapana. Yuko hai. Nimemwona."

Kondakta alimtazama kidogo, kisha akaketi kiti cha pembeni yake, jambo ambalo makondakta hawafanyi. "Umemwona na mwanamke?"

"Na mkate."

"Afadhali," alisema kondakta kwa moyo wote. Baadaye kidogo akainama. "Na Wrona je? Walishamwingiza? Maana sisi huku tunaendesha viti tupu kama wajinga."

"Buti nimezisikia. Zaidi ya hapo sijui."

Kondakta akapaza sauti kwa dereva: "Kazik! Ameshaingia!" Basi dereva, bila kuuliza mtu, akapunguza mwendo na kusimama kabisa mbele ya jengo moja lenye dirisha wazi, mahali ambapo hapakuwa na kituo, ili asikie. Sauti ilikuja vipande vipande. Mtazame vizuri. Huyu? Si huyu. Anayefuata.

"Tafadhali," alisema Apolonia. Sauti haikutoka vizuri. Alijaribu tena, na safari hii ilitoka kubwa mno, mpaka mwenyewe akashtuka. "Tafadhali, twendeni! Wakimaliza ataondoka, na sijui anaishi wapi!"

Dereva alitazama kwenye kioo chake. Tramu ikaenda.

Walipita juu ya mto. Apolonia alishika nguzo kwa mikono miwili. Kwa miaka yote hii hakupenda kuvuka, na akilazimika alitazama sakafu. Sasa aliutazama upande ule ukimjia, majumba mapya, nafasi wazi kati ya majumba, na akawaza mambo madogo. Kwamba hana kitana. Kwamba atamwambia nini kwanza. Kwa nini Hieronim, ikiwa yu hai na yuko hapa hapa mjini, vituo vichache tu vya tramu, hakuvuka daraja hata siku moja? Wazo hilo lilikuja, akalisogeza pembeni. Labda alikuja akakuta jengo la zamani limebomolewa. Labda alipigwa kichwani akasahau. Mtu akisahau mke, mikono bado inaweza kukumbuka mkate. Aliona kwamba angemsamehe lolote, hata mwanamke mwingine, hata watoto, mradi tu amwone amesimama mahali pamoja.

Alishuka kituo cha Nowy Świat akakimbia.

Kwenye mlango wa jengo la televisheni alikaa bawabu mzee kwenye kibanda, na gazeti, na termosi ya chai.

"Haingii mtu," alisema kabla hajaulizwa. "Taa nyekundu inawaka, wako hewani."

"Sitaki kuingia. Wanatokea wapi?"

"Nani? Sobol?" Mzee alivua miwani. "Na wewe, mama? Wasichana nawazoea, kila Alhamisi wanakuja na maua. Lakini mtu mzima na viatu vya kulalia!"

"Simsubiri Sobol. Namsubiri Mjerumani."

"Yupi? Humo ndani leo ni jeshi zima."

"Anayekata mkate."

Bawabu aliwaza. "Hao wa kujaza meza hutokea mlango wa pembeni, ule pale wa kijani. Kaa kwenye benchi." Kisha, akitazama kando kama mtu anayeona aibu kuuliza: "Hivi, inakwendaje? Mimi nalinda mlango wake mwaka wa pili huu, na sijamwona Sobol akifanya kazi hata mara moja. Nyumbani hawanisubiri, wananisimulia tu, na mke wangu hajui kusimulia. Anaanzia mwisho."

Apolonia alimwambia alichokijua, kwamba Wrona anapita mbele ya maafisa, mmoja baada ya mwingine. Mzee alisikiliza kinywa wazi. Ng'ambo ya uwanja palikuwa na dirisha moja lililowashwa, mbali, na wote wawili waligeuza masikio huko, wakasimama hivyo, hatua chache tu kutoka ukuta ambao nyuma yake jambo lenyewe lilikuwa linatendeka. Halikuvuja neno. Kisha mlio wa bastola, mmoja. Kisha muziki.

"Nani?" alisema bawabu. "Nani amepigwa?"

"Sikusikia."

"Ee Bwana," alisema mzee, akarudi kibandani kwake kuisubiri kesho.

Apolonia hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya mlango wa kijani, karibu, halafu akaona yuko karibu mno, akarudi nyuma. Wakatoka. Walikuwa wanaume wa kawaida, koti za kawaida, rangi ya usoni imebaki kwenye kola, wanawasha sigara, wanalalamika juu ya buti walizopewa. Hakutazama nyuso. Alitazama mikono, na mikono ilikuwa mifukoni.

Wa mwisho alitoka anafukuzwa na maneno. Kijana mwenye shati jeupe na karatasi kwapani alikuwa amemshika kiwiko.

"Bwana Teofil! Jeshi la Kijerumani halibariki mkate! Mkurugenzi amepiga simu mwenyewe!"

"Mkono ulikwenda, bwana. Mkate ulikuwa mzuri, wa kweli, na mimi tangu asubuhi..."

"Wiki ijayo wewe ni maiti. Umesikia? Unalala chini, hukati kitu."

"Maiti malipo ni yale yale?"

Kijana alirusha mikono juu akaingia ndani. Mtu yule alibaki na nusu ya mkate imefungwa gazetini, ameikumbatia kifuani.

Aliitwa Teofil, basi. Lakini watu walibadili majina wakati wa vita. Apolonia alimtazama uso. Alikuwa na uso wa duara, pua fupi, masikio yanayosimama. Miaka kumi na minane inaweza kumnenepesha mtu. Inaweza kumpunguzia nywele. Je, inaweza kufupisha pua? Alijaribu, aliweka juu ya uso ule kila kilichobaki kwake, kivuli cha nyusi, upande mmoja wa tabasamu, na kwa kitambo kidogo alidhani vinashika. Na sauti! Sauti ilikuwa ile ile, ya kuimbaimba.

Mtu yule akamwona. Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Mama, unatafuta nani?"

Hapo akajua. Hakuna mtu anayeweza kuigiza macho yale.

"Nani alikufundisha kugonga mkate?" aliuliza, kwa sababu lazima aseme kitu.

"Kugonga?"

"Mara mbili. Kwa mpini."

"Ah, kuuamsha!" Alicheka. "Hilo halifundishwi, mama. Kwetu mtoto akijua kushika kisu ameshajua. Kijiji chetu, kijiji cha pili, mpaka kule kwenye kinu, wote tunaamsha. Hapa mjini watu wananiona mwehu."

"Kwenu ni ng'ambo ya Bug?"

"Palikuwa kwetu. Tangu mpaka uhamishwe baada ya vita wanakaa wengine, nasi wametutawanya kama mbegu. Nawe una mtu wa huko?"

"Hieronim Łobacz. Mshona viatu."

Alifikiri kwa dhati. Alifumba hata macho. "Akina Łobacz walikuwa kila kijiji, kama inzi. Hieronim simjui. Kaa, mama. Umekuwa mweupe kama unga."

Wakakaa kwenye benchi. Teofil hakuwa na haraka, alikuwa mmoja wa wale watu ambao hakuna anayewasubiri. Alitaka kuzungumza juu ya kwao, na alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza.

"Alikuwa akipuliza ndani ya kiatu kabla ya kukivaa," alisema Apolonia.

"Kufukuza nyoka," alisema Teofil mara moja. "Hata mimi. Hapa nyoka wako wapi? Lakini napuliza."

"Na kofia hakuiweka mezani."

"Gotini. Mezani inaleta msiba."

"Na akiagana na mtu mlangoni anamwita tena, halafu hasemi kitu."

"Ili mtu arudi tena nyumba ile. Bibi yangu alituita mara tatu tatu!" Uso wake uling'aa kwa furaha. "Endelea, mama, endelea. Ni kama niko nyumbani."

Lakini Apolonia alikuwa ameanza kuogopa. Kila alichokitoa, mtu huyu mwema alikichukua, akakipeleka kijijini, akakigawa kwa watu wote. Mwaka mmoja na nusu aliishi na Hieronim, na katika mwaka ule alikusanya vitu vyake vidogo kimoja kimoja, akavilinda peke yake muda wote huu. Kumbe vingi havikuwa vya Hieronim peke yake. Alikuwa amekilinda kijiji asichokijua. Alitafuta ndani yake kilichobaki. Kilibaki kimoja, na hicho hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu Hieronim alimwomba asiseme. Kama nacho kikienda, hatakuwa na mtu kabisa.

"Na nini kingine?" aliuliza Teofil.

Njia zilikuwa mbili, kunyamaza au kusema. Kunyamaza alikujua.

"Radi," alisema. "Ikinguruma aliingia kabatini. Kabati la nguo. Alijifungia humo kati ya makoti, mtu mzima, akaimba nyimbo za kanisa mpaka ipite. Aliimba vibaya."

Teofil alimtazama. "Kabatini?"

"Magoti yalikuwa hayaingii. Mlango nilikuwa nausukuma mimi kwa nje."

Teofil akaangua kicheko, cha tumboni, mpaka akafuta macho kwa gazeti la mkate. "Hapana, mama! Samahani, lakini hapana! Kwetu radi ikipiga wanaume walitoka nje kuona imeangukia kwa nani. Mwanamume wa kujificha kwenye makoti, huyo si wa kwetu. Huyo ni wako mwenyewe."

Apolonia naye alicheka. Kilimtoka tu, kicheko chenye kutu, akaweka mkono mdomoni kama vile kulikuwa na uzi wa kushika.

Tramu ya Teofil ilipokuja alimkatia kipande cha mkate kwa kisu cha mfukoni, akampa mkononi, akapanda. Mlangoni aligeuka na kumwita, "Mama!", kisha hakusema kitu.

Apolonia hakupanda yake. Aliteremka kwa miguu kuelekea darajani, akila mkate polepole. Madirisha yalikuwa yanafungwa. Watu walikuwa wamerudi barabarani, wawili wawili, wakibishana juu ya bastola, juu ya Wrona, kama alistahili au hakustahili. Mwanamume mmoja alionyesha kwa mkono jinsi Sobol alivyosimama. Walimpita pande zote mbili. Alimfikiria Hieronim kabatini, magoti nje, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliona uso wake, mwekundu kwa aibu, ukichungulia kati ya mikono ya makoti kuuliza kama imepita.

Katikati ya daraja alisimama.

Siku zile za Agosti upande ule alikokwenda Hieronim ulinguruma mchana na usiku. Vioo vya Praga vilitetemeka kwa ngurumo hiyo. Nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, iliangukia kwa kila mtu. Wengine walikimbilia maghala ya chini, wengine kwenye mifereji ya maji taka, wengine walitolewa na kupelekwa kambini, wakatembea kando ya reli, wakafuga ndevu, wakapanda meli. Lakini Hieronim alikuwa peke yake katika nyumba ya mtu asiyemjua, na hapakuwa na wa kusukuma mlango kwa nje.

Angetafuta kabati. Apolonia alijua hivyo kama alivyojua njia ya kwenda kwake. Angeingia humo siku ya kwanza kabisa, akaimba, na asingetoka mpaka ipite, hata nyumba ikimwangukia. Wala hakutembea popote, wala hakuiona Szczecin. Miaka yote hii alimzungusha duniani mtu ambaye hakuwahi kuondoka upande ule wa mto.

Alishika chuma cha daraja. Kilikuwa bado na joto la mchana. Alitazama nyuma, kwenye majumba mapya yaliyokaa juu ya yale ya zamani, akasema kwa sauti ya kawaida, isiyo kubwa wala ndogo, "Imepita, Hirek."

Kisha akaendelea kuelekea Praga na viatu vyake vya kitambaa, akitembea taratibu, maana hapakuwa tena na mtu wa kumuwahi.